Je, Senyenge ya Bandari Ifike Ifakara?

OFISA USALAMA WA BANDARI: Nianze na kontena, meli tutaikuta baadaye. Kontena likishafungwa Ifakara na kupigwa lakiri, likapanda behewa la reli ya TAZARA, halitarajiwi kufunguliwa tena mpaka lifike kwa mnunuzi, iwe China au India. Sisi bandarini Dar es Salaam tutaona mlango, namba na karatasi. Kilichomo ndani tutakiamini kwa neno la aliyefunga. Kwa hiyo mimi nahesabu kwamba bandari inaanzia pale mlango wa kontena unapofungwa. Faru Graphite, kampuni ambayo Serikali ina hisa asilimia 16, imetangaza mpango wa kuteremsha grafiti ya Mahenge kwa lori hadi Ifakara na kuipeleka Dar kwa reli. Siku mpango huo ukianza, yadi ya Ifakara itakuwa kipande cha bandari. Nataka kipande hicho kiwe na mpango wa usalama ulioandikwa: tathmini ya hatari, senyenge, taa, lango moja, daftari la wanaoingia na kutoka, na mtu mmoja mwenye jina ambaye jambo likiharibika tunamwita yeye.

MKULIMA WA MBINGU: Kutoka hapa hadi baharini ni usiku mzima wa treni, tena treni ikiwa na afya. Kanuni unazotaka kutuletea zilitungwa kwa ajili ya meli, Ofisa. Sisi tuna mtumbwi na kambale.

OFISA USALAMA: Ni kweli, na sitaki kumdanganya mtu. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilipitishwa London Desemba 2002 na kuanza kutumika Julai 1, 2004. Wengi wanadhani chanzo ni Septemba 11 peke yake. Wanaosahaulika ni mabaharia: manowari ya Marekani USS Cole ilipigwa Aden Oktoba 2000, na miaka miwili baadaye meli ya mafuta Limburg ikalipuliwa pwani ya Yemen. Kanuni zinahusu meli za abiria na za mizigo za kuanzia tani 500 zinazosafiri kimataifa, pamoja na bandari zinazozihudumia. Ifakara haina gati. Sheria hiyo hainilazimishi kufika huku, na wala hainizuii. Nchi yoyote inaweza kupanua ulinzi wake kuliko kiwango cha chini.

MWENDESHAJI: Basi tusijifiche nyuma ya London. Tunazungumzia uamuzi wetu wenyewe. Mwaka 2023 nchi nzima iligombania bandari: mkataba wa DP World, Bunge, mahakama, makanisa, misikiti. Oktoba mwaka huo mikataba ya uendeshaji ya miaka 30 ikasainiwa. Katika kelele zote zile sikumbuki mtu aliyeuliza huku bara, kwenye njia ya reli, kutakuwaje. Wakala, wewe ndiye unayepitisha mizigo. Unasemaje?

WAKALA WA FORODHA: Mimi nasema swali la kwanza ni bili. Senyenge, taa, jenereta ya kuwasha hizo taa, walinzi wa zamu tatu, kamera, mtu wa kuzitazama kamera. Mpango wa aina hiyo hauishi kwenye karatasi. Kanuni zenyewe zinataka mazoezi madogo kila miezi mitatu na zoezi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Kila zoezi ni siku ya kazi imesimama. Mgodi utalipa, sina wasiwasi, wao wana wanunuzi wanaodai hivyo vitu. Lakini yadi haitapakia grafiti peke yake. Kuna mitiki, kuna kakao, kuna mchele. Ukiweka ada ya usalama kwa kila kontena, mwenye makontena mia kwa mwezi anapandisha mabega. Ushirika wa wakulima wenye kontena moja kwa msimu unarudi kwenye lori.

OFISA USALAMA: Na hilo lori litafika bandarini likiwa na maswali mengi zaidi. Wewe mwenyewe unajua gharama ya kontena kufunguliwa Dar: kulishusha, kulipekua, kulipanga upya, ada ya kukaa yadini, meli ikikuacha unasubiri nyingine. Kontena lililofungwa mahali panapoaminika linaokoa siku.

WAKALA WA FORODHA: Linaokoa siku kama Dar wanapaamini. Nitakuuliza ni nani atapaidhinisha. TASAC wanasimamia mambo ya majini. LATRA wako nchi kavu. TRA wana lakiri zao na taratibu zao. TAZARA ni ya nchi mbili, Tanzania na Zambia nusu kwa nusu, na mkataba uliosainiwa Septemba 2025 unaipa kampuni ya China, CCECC, kazi ya kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30. Hapo tayari nina milango mitano ya kubisha, na kila mmoja atataka nakala yake ya mpango na posho ya kuja kukagua.

OFISA USALAMA: Kuidhinisha mpango ni kazi ya Serikali. Kanuni zinaruhusu kumkodi mtaalamu wa nje afanye tathmini, lakini muhuri haukodishwi. Ndani ya Serikali nani ashike muhuri kwa yadi ya nchi kavu, hapo nakubali pana pengo. Pengo linazibwa.

MKULIMA WA MBINGU: Mimi hamjanifikia bado. Mnazungumza kama kontena ni sanduku la chuma na basi. Kontena la kakao lina hewa yake. Mchana jua la Ifakara linalichoma, usiku linapoa, unyevu uliomo kwenye punje unapanda darini na kudondoka tena kama mvua. Kakao tuliyoivundika na kuikausha juani kwa siku kadhaa, ukiifungia yadini wiki nzima ukisubiri mtu wa kusaini daftari, inaota ukungu. Mnunuzi wa Ulaya atakata au atakataa kabisa. Halafu tena kakao inavuta harufu. Ikiwekwa karibu na dizeli, inaonja dizeli. Sasa huo mpango wako una ukurasa wa ukungu?

OFISA USALAMA: Hauna, Mzee wangu. Mpango wa usalama unashughulika na kuingia kwa watu wasiohusika, wizi, kuchezewa mizigo, silaha, vitu vya magendo.

MKULIMA WA MBINGU: Kwa hiyo mzigo wangu utaoza kwa usalama.

MAMA LISHE WA STESHENI: Mniruhusu na mimi. Nilikuwa napika kivukoni Mto Kilombero, zamani zile za pantoni. Januari 2016 kivuko kilipopinduka kwa upepo na mvua, tulilia. Daraja lilipofunguliwa Mei 2018, mita 384 za zege, tulishangilia, na kesho yake hatukuwa na wateja. Gari halisimami darajani. Wenzangu wengine walirudi shamba, mimi nikahamia stesheni. Sasa nasikia senyenge. Sipingi taa, taa naitaka. Nauliza tu: katika hiyo tathmini ya hatari, mimi ni nani?

OFISA USALAMA: Wewe ni mfanyabiashara ndogondogo aliye katika eneo lisilo na udhibiti.

MAMA LISHE: Yaani hatari.

OFISA USALAMA: Yaani mtu ambaye mpango lazima useme atakuwa wapi. Mama, siku hizi anayetaka kuingiza kitu kwenye kontena haji na bunduki. Anakuja na sahani ya wali. Sikusemi wewe.

MAMA LISHE: Unanisema mimi, lakini endelea.

OFISA USALAMA: Naendelea, na niseme jambo lililonifanya nije hapa. Sensa ya tembo ya mwaka 2009 ilikuta tembo kama 39,000 katika Selous na maeneo yanayopakana nayo, likiwemo bonde hili la Kilombero. Mwaka 2013 walikuwa kama 13,000. Wale wengine hawakuhama. Novemba 2013 likakamatwa kontena bandarini Zanzibar, meno ya tembo yakiwa yamefichwa katikati ya makombe ya baharini. Mwaka 2015 Samuel Wasser na wenzake wakatoa utafiti wa vinasaba vya meno yaliyokamatwa duniani, na kwa tembo wa savana alama kubwa kabisa ikaangukia kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Meno hayaendi China kwa miguu. Yalipakiwa mahali, mlango ukafungwa, lakiri ikapigwa, na kila aliyelipokea kontena baada ya hapo alisoma karatasi iliyosema ni kitu kingine. Msiniambie bonde halihusiki na bandari. Bonde lilikuwa bandari wakati hakuna aliyeandika mpango wowote.

MWENDESHAJI: Hapo umegusa donda. Kuna anayetaka kujibu?

WAKALA WA FORODHA: Nitajibu mimi, na nitajibu kwa hesabu za bandari yenyewe. Novemba 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika bandari ya Dar es Salaam bila kutangaza. Ikabainika makontena 349 yametoka bila kulipiwa kodi, fedha zinazokaribia shilingi bilioni 80. Wakati huo kanuni zako, Ofisa, zilikuwa na miaka 11. Senyenge ilikuwepo. Lango lilikuwepo. Daftari lilikuwepo, na nadhani liliandikwa kwa mwandiko mzuri tu.

OFISA USALAMA: Lile lilikuwa suala la kodi. Hakuna aliyeingia kwa kuruka ukuta.

MKULIMA WA MBINGU: Ndiyo sababu linatisha zaidi! Lango lililopitisha makontena 349 yasiyolipiwa lingeweza kupitisha 349 ya kitu chochote. Mwenye nia mbaya hakuhitaji kuruka. Alihitaji namba ya simu.

OFISA USALAMA: Nalikubali hilo bila kuzunguka. Lakini angalieni linatupeleka wapi. Kama tatizo ni mtu wa ndani, dawa ni kujua nani yuko ndani. Kwa sasa pale yadi ya reli nani yuko ndani saa 8 usiku? Hamna awezaye kuniambia. Mimi nataka aweze.

MAMA LISHE: Mimi nawajua wote. Mlinzi wa zamu ya usiku anakunywa uji kwangu saa 11 alfajiri. Kuli wa zamani namjua, kuli mgeni namjua kwa kuwa hajui bei. Kwa hiyo daftari lako lipo, Ofisa, halijaandikwa tu. Unataka kulitoa nje ya senyenge halafu uajiri kijana kutoka Dar aje aanze ukurasa wa kwanza.

OFISA USALAMA: Basi nikuulize moja kwa moja. Miaka ile ya tembo, mlikuwa mnaona?

MAMA LISHE: Tulikuwa tunaona wageni waliokuwa wanalipa bila kuomba chenji. Wanalala mchana, wanaondoka usiku. Mtu mzima hahitaji kuambiwa.

OFISA USALAMA: Na hamkusema.

MAMA LISHE: Tumwambie nani? Ungeniambia wakati ule nimwendee nani, ambaye nikimwambia saa 2, jina langu halitafika kwao saa 4. Hilo ndilo nataka niandikiwe kwenye mpango wako. Senyenge baadaye.

MWENDESHAJI: Nimekaa mijadala mingi ya ulinzi, na kwa kawaida swali hilo huulizwa dakika ya mwisho, watu wakiwa wanakusanya mafaili. Ofisa, lijibu sasa.

OFISA USALAMA: Ofisa usalama wa kituo, huyo mwenye jina, kazi yake mojawapo ni kupokea taarifa na kuzipeleka juu. Kanuni zinaruhusu ofisa mmoja asimamie vituo zaidi ya kimoja, kwa hiyo anaweza kushika Ifakara pamoja na Kidatu, ambako mizigo inahama kutoka reli ya TRC ya milimita 1,000 kwenda ya TAZARA ya milimita 1,067. Pale Kidatu kila mzigo unaohama unashikwa na mikono mipya, na mikono mipya ni nafasi ya kuchezewa. Kuhusu kulinda jina la mtoa taarifa, mpango unatakiwa kutunzwa siri. Hausambazwi.

MAMA LISHE: Siri kwa nani?

OFISA USALAMA: Kwa wote wasiohusika.

MAMA LISHE: Yaani mimi. Kwa hiyo kuna karatasi inayosema nisimame wapi, inayosema king'ora kikilia nifanye nini, na mimi sitaiona.

OFISA USALAMA: Sehemu yake. Siwezi kubandika ukutani kwamba kamera ya tatu haioni nyuma ya ghala, au kwamba walinzi wanabadilishana saa 12 na robo. Njia za kutokea, namba ya kupiga, maana ya ngazi ya 1, ya 2 na ya 3, hayo yanaweza kuwa ya wazi. Ngazi ya 1 ni siku zote. Ya 2 ni wakati kuna dalili za hatari. Ya 3 ni hatari iko mlangoni, na hapo kazi zinaweza kusimama kabisa.

WAKALA WA FORODHA: Kibiti ilipochafuka mwaka 2016 na 2017, na kijiji cha Kitaya, Mtwara, kiliposhambuliwa Oktoba 2020, sikuona bango lolote la ngazi. Tulisikia kwa madereva.

OFISA USALAMA: Unanipa hoja yangu. Mlisikia kwa madereva kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia rasmi.

MKULIMA WA MBINGU: Au kwa sababu madereva wanasema ukweli haraka zaidi. Lakini turudi kwenye orodha ya hatari. Mimi nataka kuiandika upya. Namba moja: maji. Mto Lumemo ukifurika, Ifakara inaingiliwa na maji mpaka majikoni, hilo halihitaji ujasusi, linahitaji mwezi wa nne tu. Umezungushia yadi senyenge yenye lango moja, maji yanaingia usiku, makuli wamo ndani na ufunguo uko kwa mtu aliyelala Kibaoni. Namba mbili: mbolea. Mashamba ya miwa na mpunga yanakula mbolea kwa matani. Agosti 2020 mliona Beirut. Tani 2,750 za amoniamu naitreti, zimekaa ghalani bandarini miaka kadhaa, zikalipuka na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Pale hapakuja gaidi. Palikuja uzembe na karatasi zilizozunguka maofisini.

OFISA USALAMA: Hilo ni eneo la zimamoto, mazingira, na wakaguzi wa kemikali.

MKULIMA WA MBINGU: Ndipo mnaponichosha. Mtu akiiba gunia moja la mbolea, ni lako. Ghala zima likiwaka, si lako.

WAKALA WA FORODHA: Kwa haki yake, Mzee, tathmini nzuri inaorodhesha mali na majengo ambayo yakipotea kila kitu kinasimama, halafu inauliza yanaweza kupoteaje. Ghala la mbolea lingekuwamo. Tatizo langu ni kwamba tathmini nyingi nilizoziona zimenakiliwa. Unaikuta ya bandari moja imebadilishwa jina tu. Niliwahi kuona ya kituo cha nchi kavu ikizungumzia wapiga mbizi.

MWENDESHAJI: Wapiga mbizi?

WAKALA WA FORODHA: Ukurasa wa 9. Walikuwa walinde upande wa bahari.

OFISA USALAMA: Kama ilikuwa hivyo, ilitakiwa kukataliwa. Tathmini inafanywa mahali penyewe, kwa miguu. Lakini nisikilizeni kuhusu lakiri, maana hapo ndipo fedha za Mzee zilipo. Lakiri nzuri ni pini ya chuma yenye namba, inaingia kichwani mwake na haitoki bila mkasi mkubwa. Anayepokea kontena anatakiwa afanye mambo manne: aitazame, asome namba na kuilinganisha na karatasi, aivute, aizungushe. Sekunde 20. Kwenye mizigo mingi watu wanafanya la kwanza tu. Na mwizi anayejua kazi haigusi lakiri kabisa. Anafungua boliti za bawaba za mlango, anachukua au anaweka anachotaka, anarudisha boliti, anapaka rangi. Lakiri inafika Dar nzima, inang'aa. Ndiyo sababu nataka taa na macho kwenye yadi usiku, si chuma tu mlangoni.

MKULIMA WA MBINGU: Sasa hapo umesema kitu. Boliti za bawaba sikuzijua.

WAKALA WA FORODHA: Na mzani, Ofisa, usiusahau. Tangu Julai 1, 2016 kontena halipandi melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kontena likipimwa Ifakara na likapimwa tena Dar, tofauti ya kilo 300 inakuambia jambo ambalo kamera haikuliona. Mzani ni wa faida kwa kila mtu: mkulima anajua hakuibiwa, mgodi unajua, Serikali inajua mrabaha wake. Mimi kwa mzani niko tayari kulipa. Senyenge ya kilomita mbili ndiyo inayonipa shaka.

OFISA USALAMA: Mzani bila senyenge ni mzani wa gulioni.

WAKALA WA FORODHA: Na senyenge bila mzani ni bandari ya 2015.

MAMA LISHE: Mmeanza kuelewana, na mnaelewana juu ya kichwa changu. Naomba niulize kitu kingine. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama Ukara, kule Ukerewe. Kilitengenezwa kwa watu 100. Wakafa zaidi ya 220. Hizi kanuni za usalama wa bandari zilisema nini kuhusu gati la Ukara?

OFISA USALAMA: Hazikuhusika. Kivuko kile hakikuwa cha safari ya kimataifa.

MAMA LISHE: Na pantoni letu la Kilombero?

OFISA USALAMA: Vivyo hivyo.

MAMA LISHE: Basi ndivyo nilivyoelewa tangu mwanzo. Tulipokuwa tunavuka sisi, hapakuwa na lango, hapakuwa na daftari, hakuna aliyehesabu vichwa. Sasa yanavuka mawe ya Mahenge, kila jiwe lina namba na mlinzi. Sisemi mawe yasilindwe. Nasema mtu atakayesoma mpango huo, kama ungekuwa unasomwa, angedhani hapa wanaishi mawe.

OFISA USALAMA: Mama, sitabishana na hilo, kwa sababu kuhusu vivuko una haki na mimi niliwazika jamaa wa kikazi kwenye ajali za majini. Lakini kulinda mzigo wa mnunuzi ni kulinda bei ya shambani pia. Meli inatunza kumbukumbu za bandari 10 za mwisho ilizotia nanga. Ikitoka kwenye bandari inayotiliwa shaka, inapofika mbele inasimamishwa, inapekuliwa, inachelewa. Mwenye meli anaongeza nauli, wa bima anaongeza chake, na mnunuzi hajilipii hizo nyongeza. Anazirudisha nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kilo ya kakao Mbingu. Kontena moja la meno lililopitia Ifakara linaweza kuchafua makontena elfu moja ya watu safi.

MKULIMA WA MBINGU: Hilo nalielewa na linaniuma, kwa sababu nyongeza tunalipa na kupungua tunalipa sisi. Kwa hiyo napendekeza hivi. Ada ya ulinzi ifuate thamani ya mzigo, isifuate idadi ya makontena. Grafiti ilipe kama grafiti, mchele ulipe kama mchele. Na msimu wa kakao, kontena lililokwisha kupimwa na kupigwa lakiri lisilale yadini zaidi ya usiku mmoja. Likilala, anayelilaza atoe fidia.

WAKALA WA FORODHA: Fidia kutoka kwa nani? Reli ikikatika kwa mafuriko kule Mlimba, treni haiji.

MKULIMA WA MBINGU: Basi lipande lori. Kidatu hadi Ifakara kilomita 66.9, sasa ni lami. Mpango useme mapema: treni isipofika, mzigo ufanye nini na lakiri yake. Kama haujasema hilo, haujapangwa.

OFISA USALAMA: Hilo linaandikika. Ada kwa thamani si uamuzi wangu, lakini nayo inaandikika.

MWENDESHAJI: Na wa stesheni? Ofisa, mama ataondoka au atabaki?

OFISA USALAMA: Ndani ya eneo la mizigo hawezi kubaki. Hata mimi nikitaka, nikipitisha hilo nimeua mpango mzima. Nje ya lango, upande wa abiria, apewe sehemu yenye bati, maji na taa. Na awe miongoni mwa watu wanaoitwa kwenye mazoezi ya kila miezi mitatu, pamoja na bodaboda na makuli. Zoezi lisilowahusisha wanaokuwepo pale ni maigizo.

MAMA LISHE: Upande wa abiria wateja wanakuja treni ikija. Upande wa mizigo wanakuwepo kila siku. Umenipa bati ukanichukulia sufuria.

WAKALA WA FORODHA: Lango liwekewe dirisha. Chakula kipite, mtu asipite. Bandari nyingi makuli wanakula hivyo.

MAMA LISHE: Na madeni nitayadai kupitia dirisha?

WAKALA WA FORODHA: Madeni ndiyo yatakayokufanya ujue majina yao. Mpe Ofisa hiyo orodha.

MAMA LISHE: Orodha ya wadaiwa wangu ni siri. Haisambazwi kwa wasiohusika.

OFISA USALAMA: Nimestahili hilo.

MKULIMA WA MBINGU: Nina swali la kienyeji. Lango la mizigo litafungwa saa ngapi?

OFISA USALAMA: Saa 12 jioni, isipokuwa kwa kibali.

MKULIMA WA MBINGU: Na treni ya mizigo iliyotakiwa kufika saa 10 jioni, ikiingia saa 9 usiku kama ilivyo desturi yake?

OFISA USALAMA: Ofisa wa zamu atakuwa na ufunguo.

MKULIMA WA MBINGU: Atakuwa yadini au atakuwa kwenye simu?

OFISA USALAMA: Tathmini ndiyo itakayosema wanahitajika watu wangapi usiku.

MAMA LISHE: Basi hao watu wa tathmini waje usiku. Wasije saa 4 asubuhi na gari lenye kiyoyozi, wakapiga picha senyenge ambayo haijajengwa, saa 7 wako njiani kurudi Morogoro. Waje saa 9 usiku, mvua inanyesha, treni imechelewa.

OFISA USALAMA: Waje usiku, nakubali. Nani atawapokea saa hiyo?

MAMA LISHE: Mimi. Moto wangu unakuwa umewaka. Waambie tu waje na hela ya chai, sikopeshi Serikali.